Mtori na Ndizi Yake

"Kunywa mtori, nyama ziko chini." Watanzania huambiana hivyo pale mtu anapoanza kulalamika mapema, kabla jambo halijafika mwisho. Msemo huo umeenea hata kwa watu ambao hawajawahi kumenya ndizi mbichi maishani mwao, na huenda umekitangaza chakula hiki cha Wachaga kuliko mpishi yeyote. Ni kweli kwamba nyama hutuama chini ya bakuli. Lakini anayedhani uzuri wote uko huko chini ameuruka mtori wenyewe, yaani ndizi, na hapo ndipo penye habari ya kusimulia.

Kwao mtori ni kwenye miteremko ya Kilimanjaro: Machame, Kibosho, Marangu, Rombo. Siku hizi unauzwa asubuhi kwenye vibanda vya supu Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, bakuli na chapati, na wateja wake ni wa kila kabila. Mapishi yake ni mepesi kueleza. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa huchemshwa na kitunguu na chumvi hadi ilainike. Ndizi mbichi zilizomenywa huingia kwenye supu ileile, zikiiva hupondwa kwa mwiko, kisha huongezwa maziwa, siagi au tui, kila nyumba na mazoea yake. Wapo wanaotia karoti na nyanya, na wapo wanaoona nyanya zinaharibu rangi.

Kazi iko kwenye kumenya. Ganda la ndizi mbichi limeng'ang'ania tunda, na kisu kikilipasua utomvu hutoka papo hapo. Mwanzoni hauna rangi. Baada ya muda mfupi unakuwa wa kahawia, mwishowe mweusi, na nguo iliyodondokewa haitakati tena. Ndiyo maana mpishi mzoefu hujipaka mafuta mikononi, au humenyea ndani ya beseni la maji. Maji hayo yana kazi kubwa kuliko yanavyodhaniwa. Ndani ya ndizi mna dopamini kwa wingi, kemikali ileile inayopatikana ubongoni, ingawa ile inayoliwa haifiki huko. Mna pia kimeng'enya ambacho kikikutana na dopamini hiyo penye oksijeni huigeuza ikawa rangi ya kahawia. Ndizi ikiwa nzima, viwili hivi vimetenganishwa ndani ya seli. Kisu kinapozivunja seli, vinakutana. Ndizi iliyozamishwa majini hupata oksijeni kidogo, kwa hiyo hubaki na weupe wake hadi sufuria iwe tayari. Ikishachemka, kimeng'enya kinaharibika na weusi hauendelei tena.

Je, wajua kwa nini mtori huwa mzito bila kutiwa hata kijiko cha unga? Karibu robo tatu ya uzito wa ndizi mbichi iliyomenywa ni maji. Ukiyaondoa, kati ya asilimia 70 na 80 ya kinachobaki ni wanga, uliofungwa ndani ya chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Katika maji baridi chembe hizo hazifanyi lolote. Joto likikaribia nyuzi 70 za Selsiasi zinaanza kunywa maji, zinavimba, nyingine zinapasuka, na minyororo mirefu ya sukari iliyokuwa imejikunja ndani inatawanyika kwenye supu na kuyazuia maji yasitembee kwa urahisi. Mwiko unamalizia kazi ambayo moto umeianza.

Ndizi ikianza kuwa ya njano, mambo yanaharibika. Katika kuiva, mmea wenyewe huvunja wanga na kuugeuza sukari, na katika ndizi tamu iliyoiva sawasawa wanga hubaki kidogo tu. Mtori wa ndizi mbivu ungekuwa mwepesi na mtamu, kitu ambacho hakuna mama wa Kichaga angekubali kukiweka mezani. Mkungu uliokatwa leo na kusahauliwa jikoni kwa siku chache huwa umeshabadili matumizi yake.

Mtori uliolala nao una tabia yake. Asubuhi unakutwa umeshikana kiasi cha kusimamisha kijiko, kwa sababu minyororo ile ya wanga ikipoa hurudi kuungana na kujipanga upya. Sehemu ya wanga uliojipanga hivyo haimeng'enywi na utumbo mwembamba. Hupita hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutengeneza asidi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo. Wanga wa ndizi isiyopikwa kabisa ndio mgumu zaidi kumeng'enywa. Moto ndio unaoufanya uwe chakula chepesi kwa mgonjwa na mtoto.

Mifupa nayo haikuwekwa kwa ajili ya kunogesha tu. Kano na gegedu zina kolajeni, protini ambayo ikichemka muda mrefu huyeyuka ikawa jelatini na kuupa mchuzi ule ulaini unaoganda midomoni. Kuna faida nyingine inayotokana na kutomwaga maji: potasiamu, ambayo ndizi inayo nyingi, hutoka ndani ya tunda wakati wa kuchemsha, lakini hapa maji yaliyoipokea ndiyo yanayonywewa. (Mwenye maradhi ya figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ana sababu nzuri ya kumwuliza daktari kabla ya bakuli la pili.) Kwa upande wa protini na madini ya chuma, ndizi ina kidogo mno. Nyama inaziba pengo hilo, na msemo wa mwanzo unapata maana nyingine: anayebaki na uji wa ndizi peke yake hajashiba sawasawa.

Mtori ndio chakula cha mzazi. Mama aliyejifungua hupikiwa na mama mkwe, dada au jirani kwa wiki nyingi, bakuli baada ya bakuli, kwa imani kwamba unarudisha nguvu na kuleta maziwa. Ni chakula laini, cha moto, chenye maji mengi na nishati ya kutosha, kwa mtu aliyechoka na anayenyonyesha. Hayo peke yake yanatosha kukitetea. Miezi sita ikipita, mtoto naye huanza kulishwa mtori uliopondwa vizuri zaidi, nyama ikiwa imesagwa humo humo.

Hapa sayansi ina neno la kuongeza. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Monell Chemical Senses Center, Philadelphia, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Baadhi ya akina mama walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wengine walikunywa wakati wa kunyonyesha, na kundi la tatu lilikunywa maji tu. Watoto walipoanza kula, wale waliokuwa wameionja karoti kupitia maji ya uzazi au maziwa ya mama waliupokea uji wenye ladha ya karoti wakikunja uso mara chache kuliko wenzao. Ladha ya anachokula mama humfikia mtoto kabla mtoto hajajua kijiko ni nini. Kwa familia ambayo mama hulishwa mtori tangu siku ya uzazi, na mtoto huachishwa ziwa kwa mtori, ni haki kusema kwamba mtoto huyo hukutana na chakula cha kwao kabla hajaweza kutamka neno la lugha yao.

Basi si ajabu hamu yake inamfuata mtu hadi ukubwani. Harufu ina njia ya pekee kichwani: taarifa za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo, wakati za pua huenda karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Wanasaikolojia Jordan Troisi na Shira Gabriel walionyesha mwaka 2011, wakitumia supu ya kuku ambayo Wamarekani wengi huipenda wakiwa wanyonge, kwamba waliokuwa wakiihesabu supu hiyo kuwa chakula cha faraja walipoila, fikra zao zilielekea zaidi kwenye mahusiano na watu wao wa karibu. Chakula kinachotamaniwa huja na watu waliokipika. Kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa, na atakayeuliza abiria wanakumbuka nini cha nyumbani hatasikia majina ya watu tu. Atasikia vyakula na pombe ya kwao pia: machalari, kiburu, mbege na mtori.

Ndizi inayotafutwa kwa mtori ina jina: mchare, ambayo sokoni wengi huiita mshare. Huiva laini, haina ugwadu, na hupondeka vizuri. Nyingine zitapikika, ila mzoefu atajua kwenye kijiko cha kwanza.

Mchare huota kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga yaliyopangwa kwa ghorofa kati ya takriban mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juu kabisa kuna miti kama mringaringa, chini yake migomba, kisha kahawa, na ardhini magimbi, viazi vikuu na mboga. Mifereji iliyochimbwa na mababu huleta maji kutoka msituni. Ng'ombe wa zizini hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudi kwenye mashina. Kahawa ilifika na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 ikakuta kivuli tayari. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alihesabu zaidi ya spishi 500 za mimea kwenye vihamba hivyo, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Mgomba wenyewe si mti. Kinachoonekana kama shina ni mabua ya majani yaliyoviringana. Shina halisi liko ardhini, na huko ndiko machipukizi yanakotoka. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja, hukatwa, na chipukizi lake hushika nafasi. Ndizi za porini za Asia ya Kusini-Mashariki na Papua zina mbegu ngumu zilizojaa tunda zima. Watu walizichagua zile chache zilizokuwa na mbegu kidogo, wakazipanda kwa machipukizi. Kwenye kinamasi cha Kuk huko Papua Guinea Mpya kuna ushahidi wa kilimo cha migomba wa karibu miaka 7,000 iliyopita. Tangu hapo ndizi tunazokula zimekuwa zikitembea mikononi mwa watu, na za kwetu zilivuka Bahari ya Hindi kwa vyombo.

Habari inayostahili kujulikana zaidi inahusu ukoo wa mchare. Ndizi tamu inayouzwa karibu kila supamaketi duniani ni Cavendish, na kabla yake ilikuwa Gros Michel. Zote mbili zina seti tatu za kromosomu. Mtafiti Xavier Perrier na wenzake, walipolinganisha vinasaba vya ndizi za dunia, waliona kwamba mzazi aliyezipa seti mbili kati ya hizo tatu ni wa kundi la mchare na mlali, ndizi zenye seti mbili ambazo leo zinalimwa Afrika Mashariki na visiwa vya jirani, zikiwemo Komoro na Madagaska. Mzanzibari au Mchaga aliyeko Ulaya, anayenunua Cavendish za kijani ili apike mtori kwa kukosa mchare, anapika kwa ndugu wa damu wa mchare.

Undugu huo una upande mchungu. Gros Michel iliangamizwa katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati na mnyauko wa Panama, kuvu anayeishi kwenye udongo kwa miongo, na kufikia miaka ya 1960 karibu biashara yote ya kuuza nje ilikuwa imehamia Cavendish. Aina ileile ya kuvu iliyoiua Gros Michel huishambulia mchare pia. Majani ya chini hugeuka njano na kuning'inia, mgomba hupasuka karibu na ardhi, na ukiukata ndani unakuta michirizi ya kahawia. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Na kwa kuwa kila chipukizi ni nakala ya mama yake, linarithi udhaifu uleule.

Kuipatia mchare kinga ni kazi ya subira, kwa sababu mmea usiotoa mbegu hauzalishwi kirahisi. Mkoani Arusha, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, wakishirikiana na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, huchavusha maua ya mchare kwa mkono kwa chavua ya ndizi zenye ukinzani. Mkungu ukikomaa hupekuliwa kutafuta mbegu, ambazo mara nyingi ni chache au hazipo kabisa. Zinazopatikana hupasuliwa maabara, kiini hutolewa na kukuzwa kwenye chupa yenye virutubisho, maana zikifukiwa udongoni nyingi hazioti.

Mche uliopona hapo bado haujaruhusiwa kuitwa mchare mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa wa Kagera ulipokea chotara zilizozalishwa Honduras, zenye mikungu mikubwa na afya njema, lakini wakulima wengi hawakuziona zinafikia ndizi zao kwa kupika. Nyingine ziliishia kwenye juisi na pombe. Kwa hiyo chotara za sasa hupimwa ugonjwa, fukusi na minyoo ya mizizi, kisha hupelekwa jikoni, zikachemshwa na kuwekwa mbele ya wakulima na wapishi, waseme kama zinalainika, zinabaki na rangi, na zinafaa kwa sufuria ya nyumbani kwao.