Kanuni za Sherehe Humlinda Asiye na Hiari

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula. Wengi huziona kanuni za namna hii zinapotumika kwenye sherehe kama njama ya kuharibu starehe, lakini kazi yake hasa ni kumlinda asiyeweza kujikinga. Anayenunua pilau kwenye uwanja wa sherehe hawezi kujua imekaa sufuriani tangu lini, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri wateja kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60. Mtoto aliyebebwa mgongoni hachagui kuvuta moshi wa sigara, ndiyo maana sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 iliwatengea wavutaji sehemu zao. Naye mgonjwa jirani na uwanja hana namna ya kuzima spika usiku wa manane.

Wapo wanaosema kanuni hizi humwonea mchuuzi mdogo, kwani vibali vina gharama na askari wa kaunti huweza kuvigeuza kisingizio cha kudai hongo. Lalamiko hilo lina uzito. Hata hivyo, dawa yake ni ada nafuu na ukaguzi wa wazi, si kufuta kanuni. Ndoo yenye bomba, sabuni na mfuniko wa sufuria havimfilisi mchuuzi. Wateja wakiugua, biashara yake ndiyo hufa kwanza.