Kifaa hakimjui mtoto wa shule



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya madereva wanaoviamini vifaa vya gari kuliko macho yao wenyewe.

Siku hizi mtu akinunua gari lililotoka Japani utamsikia akilisifu: lina mifuko ya hewa, lina breki za ABS, na yale mapya zaidi yana kamera inayotazama mbele na kukamata breki yenyewe. Mabasi nayo yamefungwa kifaa cha VTS, ambacho hupeleka habari za mwendo LATRA na kupiga kelele dereva anapozidisha. Vifaa hivi sivikatai hata kidogo. Ninachokataa ni dereva kuviachia kazi yake.

Mwaka jana nilipanda basi kutoka Chalinze. Kifaa kikaanza kulia. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, punguza." Dereva akajibu, "Mzee, kikilia ujue ni kizima." Kondakta akaongeza sauti ya muziki, mambo yakaisha. Kilichonisikitisha zaidi ni baadaye, mvua iliponyesha. Dereva alishuka chini kidogo ya kilometa 80 kwa saa, kifaa kikanyamaza, naye akapita hivyo hivyo penye gulio, watu wamejifunika mifuko vichwani wakikimbilia vibanda. Kwa kifaa, dereva huyo alikuwa hana kosa!

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Hizo ni mita 33, urefu wa madarasa manne yaliyopangwa mstari mmoja, na breki bado haijaguswa. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, safari ya kusimama baada ya breki kukamata huongezeka mara nne. Hakuna kifaa kilichofuta hesabu hiyo.

Nikija kwenye ABS, kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge, ili usukani uendelee kutii. Kwenye lami yenye maji ni msaada mkubwa. Lakini njia za huku kwetu Saadani ni changarawe na mchanga. Gurudumu lililojifunga kwenye changarawe hukusanya kokoto mbele yake zikawa kama kigingi. ABS huliachia kabla rundo halijawa kubwa, hivyo gari laweza kwenda mbali zaidi ndipo lisimame. Dereva aliyefundishwa atalijua hilo mapema, atapunguza mwendo, na ikibidi atakwepa akiwa amekanyaga breki. Asiyefundishwa akisikia kanyagio linatetemeka huinua mguu, akidhani breki imekufa.

Kamera nazo zina ujinga wake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mtambo wa Volvo wa kutambua wanyama, uliotengenezwa Sweden kwa kuwazingatia wanyama wakubwa wa huko, ulichanganyikiwa na kangaruu wa Australia. Akiruka juu mtambo ulimwona yuko mbali, akitua ukamwona yuko karibu. Sasa najiuliza, ni nani aliyeitambulisha kamera hiyo kwa ngiri wa Saadani, anayechomoka kichakani mkia umesimama, na watoto wake wanne nyuma? Hapa ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na wanyama hawasomi vibao vya mipaka.

Mifuko ya hewa imetengenezwa isaidiane na mkanda. Hata hivyo kuna watu wanaochomeka vishikizo vya bandia ili kengele ya mkanda isiwasumbue. Mfuko huo hufunguka kwa kishindo kikubwa sana, na mtu asiyefungwa mkanda unaweza kumjeruhi badala ya kumwokoa.

Udereva wa kujihami si elimu ngumu. Ukiona mpira umevuka barabara, ujue mtoto yuko nyuma yake. Ukikuta basi linashusha abiria, tegemea mtu atatokea mbele yake. Acha sekunde mbili kati yako na gari lililotangulia, mvua ikinyesha ziwe nne. Penye makazi sheria inasema kilometa 50, lakini saa wanafunzi wanapotoka shule hata 50 ni nyingi.

Nasema haya kwa sababu barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo imo katika mpango wa lami. Tunaishangilia, kwani tumesota kwa vumbi na matope miaka mingi. Lakini wanafunzi wangu wamezoea gari linalosikika kwa mbali likigonga mashimo. Gari la kwenye lami watalisikia likiwa limeshafika.

Kwa hiyo naviomba vyombo vinavyohusika, LATRA, Kikosi cha Usalama Barabarani na vyuo vya udereva, vimpime dereva kwenye changarawe na sio kwenye lami kavu peke yake. Aulizwe pia ABS ni nini na inatetemeka kwa nini, kabla ya kupewa leseni. Na wenye kujenga barabara watuwekee matuta na vivuko mbele ya shule kabla magari hayajaruhusiwa kupita.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Saadani, Bagamoyo.