Kukinai Kuna Maana Mbili

Watu wa pwani tuna desturi ya tangu zamani ya kumpima mwanamume kwa safari zake. Ukikaa barazani Kibokoni au Langoni utasikia: fulani alifika Basra, fulani alipanda meli ya Wagiriki akaenda hadi Santos, fulani alielea juu ya ubao siku mbili baada ya jahazi kupasuka. Hayo ndiyo masimulizi yanayofanya watu waongeze kahawa. Anayesema kwamba kwa miaka thelathini alifungua afisi saa mbili asubuhi akaifunga saa kumi na moja jioni hana wa kumsikiliza.

Nami, ndugu msomaji, ndiye huyo wa afisi. Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, mwaka wa 1962. Mwaka wa 1987 nikapanda gari la moshi kuja Nairobi kushika kazi ya ukarani katika kampuni ya kuondosha mizigo kwenye bandari kavu ya Embakasi, iliyokuwa imefunguliwa miaka mitatu kabla yake. Tangu 1991 makao yangu ni mtaa wa Donholm, upande wa mashariki wa jiji. Bahari sijaivuka, ila kwa kivuko cha Likoni. Hija iko katika nia, na Mola ndiye mwenye kujaalia.

Jina la Donholm lenyewe limetokana na mtu wa safari. Mskoti mmoja, James Kerr Watson, alikuja mwanzoni mwa karne ya ishirini akachukua shamba katika mbuga hizi na kuliita Doonholm kwa kukumbuka kwao. Hata barabara tunayoiita Jogoo leo, wakati wa ukoloni ilikuwa Doonholm Road. Bwana huyo alitoka mbali kutafuta makubwa. Lililobaki ni jina, nalo hutangazwa kutwa na makanga wa matatu waliolegeza ndimi likawa jina la Kiafrika kabisa. Shamba limekuwa nyumba, maduka ya misumari na saruji, vibanda vya mboga, na matangi ya maji juu ya mapaa kwa kuwa mfereji hautoi kila siku. Udongo ni ule mweusi wa mbuga: kiangazi hupasuka mianya ya kuingia mkono, masika humvua mtu viatu. Hakuna mtalii aliyewahi kuja na kamera yake kuupiga picha mtaa wetu.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilianza kwa neno moja tu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mombasa, alikuja kukaa kwetu alipomaliza masomo, akapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi upande wa Savannah. Kijana mwenye adabu, mpenda sala, miaka 24. Usiku mmoja baada ya Isha akaniambia, “Mjomba, mimi nimekinai. Nataka kwenda Ghuba.”

Nikamwuliza, “Umekinai, au umechoka?”

Akasema, “Si mamoja?”

Hapo alinitega, kwani katika Kiswahili chetu ni mamoja na si mamoja. Neno limetoka katika Kiarabu, na huko ni kuridhika na ulichopewa. Sisi tukalipokea tukalipa sura mbili. Mtu akila akashiba husema amekinai, akanawa na kumshukuru Mungu. Mtu huyohuyo akipikiwa maharagwe siku tisa mfululizo husema amekinai, akaisukuma sahani. Lugha imeweka kuridhika na kuchushwa katika chungu kimoja, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya. Wazee walijua kwamba vitu hivyo viwili hukaa karibu sana, na kwamba aliyeridhika asubuhi aweza kuchushwa jioni na sahani ileile.

Kijana hakutaka darasa la lugha. Alitaka kujua kwa nini mimi, mwenye akili timamu, niliridhika na Donholm ilhali wazee wetu walikuwa watu wa bahari. Akanitajia Ahmad bin Naaman, na alikuwa na haki ya kumtaja. Mwaka wa 1840 mjumbe huyo wa Sayyid Said aliondoka Unguja na jahazi la Sultana, akafika New York tarehe 30 Aprili, na watu wa mji ule wakafurika bandarini kuwatazama Waarabu na Waswahili. Hata sura yake ilichorwa na mchoraji wa huko.

Lakini mimi ni karani, na karani hutazama shehena kwanza. Nilimkumbusha mpwa wangu kwamba Sultana haikwenda New York kwa ajili ya kuchorwa. Ilikwenda na tende, karafuu, kahawa, ngozi na pembe, ikarudi pamoja na vitu vingine na nguo za pamba, zile ambazo hata leo bibi zetu huziita merikani. Kila karafuu ilichumwa na mtu ambaye hakutoka kisiwani, akaianika, akaianua mvua ilipotanda, akaianika tena. Wengi wao walikuwa watumwa, na hilo pia tusilipite kimya tunapojisifia majahazi yetu. Kuna na mtu aliyekaa forodhani akaandika farasila ngapi zimeingia. Jina lake hatulijui. Nisamehewe nikisema kwamba namhesabu kuwa jamaa yangu.

Kisha nikamtajia mmoja ambaye yeye hakumtaja, Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay. Mtoto wa Kiyao, alikamatwa utumwani akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipokufa, akarudi Afrika. Alisafiri na Burton na Speke tangu 1857, akarudi bara na Speke na Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka wa 1871, kisha na Cameron akaivuka Afrika nzima kutoka pwani yetu hadi bahari ya Atlantiki, wakafika 1875. Imekadiriwa kwamba alitembea maili karibu 6,000, nyingi kwa miguu. Ikiwa safari ni ushujaa, basi wale wazungu wote watano hawamfikii, maana wao walikuwa wakipokezana na yeye yumo katika kila safari.

Na alipata nini? Speke alimpiga ngumi hata akapoteza meno ya mbele. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na baadaye malipo ya uzeeni. Alikufa 1885. Ukisoma walivyoandika mabwana zake, utaona kwamba kazi yake siku hadi siku haikuwa kupigana na simba. Ilikuwa kugawa posho, kuhesabu mizigo ya ushanga na nguo, kuwaamsha wapagazi, kusuluhisha ugomvi wa jikoni. Maili 6,000 za kuhesabu mizigo! Hapo mpwa wangu alicheka, nami nikacheka naye.

Yuko na mwingine mkubwa zaidi. Ibn Battuta wa Tanja, ambaye alisafiri karibu miaka thelathini, alipita pwani yetu mwaka wa 1331 akielekea Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Katika usiku huo aliona nini cha kuandika? Hakuandika kisa cha hatari. Aliandika kwamba watu wale hula ndizi na samaki, ni watu wa dini na wacha Mungu, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Akaongeza kwamba penye milango ya misikiti pana visima, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini wa urefu wa dhiraa. Anayetaka kuingia huosha miguu, akaipangusa juu ya mkeka mnene. Yaani kata, na mkeka! Mtu aliyeona miji ya Shamu na Yemen alishangazwa na kata ya maji ya babu zetu hata akaibeba kichwani miaka mingi, mpaka alipoisimulia ikaandikwa. Wenyewe waliokuwa wakiishika mara tano kwa siku hawakuona kwamba pana la kuandikwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Wako watu wanaokaa nyumbani kwa hofu, au kwa uvivu, kisha wakauvisha uvivu wao kanzu na kuuita kinaa. Nimewajua. Hawaridhiki hata kidogo; kutwa hulalamikia serikali, wake zao na mvua. Mkinaifu wa kweli ana kazi. Tulifundishwa chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) amesema utajiri si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi, lakini mwalimu wetu hakuwahi kutuambia kwamba nafsi hutajirika kwa kulala.

Kazi yangu mimi ilikuwa namba. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho haikuwekwa ovyo: hupatikana kwa kupiga hesabu ya zile zilizotangulia, ili karani akikosea mahali pengine hesabu imshitaki. Niliizoea hata nikawa naifanya kwa kichwa nikiwa ndani ya matatu, foleni ya Outering Road ikiwa haisogei. Namba moja ikienda kombo, mtambo wa kusaga wa mtu wa Kisumu hulala uani wiki tatu naye analipia kila siku. Hakuna aliyenichora picha kwa kuinasa namba hiyo. Lakini jioni nilirudi Donholm na roho nyeupe, nikamkuta mke wangu ameloweka unga wa mahamri ya kesho, nikasali Magharibi katika msikiti wa mtaani baina ya Mkamba fundi wa mabomba na Msomali muuza vitambaa. Hiyo ndiyo sahani yangu, na kusema kweli ziko siku niliisukuma. Meli ikipiga honi Kilindini, nami niko likizo, moyo hushtuka hata leo.

Kwa hiyo sikumkataza kijana. Nilimwomba kitu kimoja, aniletee mkataba wa kazi niusome, kwa kuwa kusoma karatasi ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wakala mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kumwitisha fedha, na dada yangu alikuwa amekwisha kuzifungua bangili zake za dhahabu katika kitambaa ili aziuze. Nilisoma kurasa mbili zile usiku. Mshahara haukutajwa. Jina la mwajiri halikuwapo. Palikuwa na kifungu kwamba pasi ya kusafiria itashikwa na mwajiri. Kila anayejua habari za kafala, mfumo unaoifunga ruhusa ya mfanyakazi kwa mwajiri wake, anajua karatasi kama hiyo yaweza kumfikisha mtu wapi. Nchi kadhaa za Ghuba zimelegeza kanuni hizo katika miaka ya karibuni, lakini karatasi mbovu ni mbovu popote. Nikapiga mstari wa kalamu nyekundu mahali saba, nikampa.

Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa wakala na karatasi ile, akaulizia vile vifungu saba, kimoja kimoja. Hakujibiwa hata kimoja. Bangili zikarudi katika kitambaa.

Alikaa nasi miezi minane mingine, akiuza misumari mchana na kutafuta kazi jioni. Safari hii nafasi ilipopatikana ilikuwa na jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi na tikiti ya kurudi. Aliondoka na baraka zetu. Yuko Salalah, Omani, bandarini, na kazi yake, ndugu msomaji, ni kuhesabu makontena. Ile hesabu ya tarakimu ya mwisho alijifunza kwangu mezani Donholm, na anasema imemfaa.

Hupiga simu Ijumaa baada ya sala. Hapo mwanzo nilimngojea anisimulie: milima, ngamia, ule ukungu na manyunyu ambayo kusi huipelekea Salalah wakati nchi jirani zinaungua kwa jua, na wazee wa Kiomani wanaomsemesha Kiswahili cha Unguja sokoni. Hayo ameyagusia kwa maneno machache. Fedha humpelekea mama yake kwa wakati, na mdogo wake wa kike amelipiwa karo. Yeye mwenyewe kila mara ana maswali. Maji yamekuja wiki hii? Yule mama wa uji pale stendi, mguu wake umepona? Barabara ya nyuma imetiwa kokoto, au bado? Kisha humwomba shangazi yake ashike simu, akamwuliza leo amepika nini, na kama ni mbaazi, ametia nazi ya ngapi.