Fundi Hupimwa kwa Kazi Yake

KILA mwananchi anayefika mara kwa mara katika ofisi zetu, ziwe za Serikali au za makampuni, bila ya shaka amekwisha kumwona yule kijana aliyekaa kwenye benchi akiwa na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha hiyo mna barua ya maombi ya kazi, nakala za vyeti vya skuli na vya chuo, cheti cha kuzaliwa na barua ya Sheha. Kama ni kijana wa Wete au wa Mkoani, huenda amelipa nauli ya boti na kulala kwa jamaa ili bahasha hiyo ifike mjini. Karatasi zote zilizomo zasema kwamba kijana huyu amesoma. Hakuna hata moja inayosema ameweza kutenda nini.

Leo tunapenda kulizungumza jambo ambalo wengine wataliona kuwa ni la wataalamu wa kompyuta peke yao, nalo ni kijana kujijengea mwenyewe tovuti ya kuonyeshea kazi zake. Tunalisema mbele ya vijana na mbele ya viongozi kwa pamoja, kwani lawahusu wote wawili: mmoja apaswa kuonyesha, na mwingine apaswa kutazama.

Desturi yenyewe si ngeni Visiwani. Fundi wa milango ya nakshi wa Mji Mkongwe hakuhitaji kujieleza kwa maneno mengi. Aliyetaka mlango alipelekwa kuutazama mlango wa nyumba fulani, akaupapasa, akaangalia jinsi nakshi zilivyokutana pembeni, kisha akakata shauri. Mlango ule ndio uliokuwa cheti. Tovuti ya kazi za mtu si kitu zaidi ya mlango huo, ila huu waweza kuonekana Chake Chake, Dar es Salaam na Maskati kwa wakati mmoja, bila ya mwenyewe kulipa nauli.

Aidha, ni vyema ikaeleweka kwamba njia hii haina mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mwaka 1993 kituo hicho kiliutoa kwa walimwengu wote wautumie bila ya malipo. Lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo inayozipa kurasa uwezo wa kuitikia mguso wa msomaji, iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995, na sura yake ya kwanza aliimaliza kwa siku 10. Lugha hiyo imo katika kila kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, hata katika simu ya bei nafuu inayouzwa Darajani.

Baadaye kazi za tovuti zilipokuwa kubwa, mafundi waliona taabu ya kuanza upya kila mara, wakatengeneza viunzi. React ilitoka katika kampuni ya Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2013. Vue ya Evan You ilifuata mwaka 2014, na Svelte ya Rich Harris mwaka 2016. Zote hutolewa bure. Wasiozijua wasitishike na majina. Jahazi halisimami kwa mbao peke yake. Ndani yake mna mataruma ambayo abiria hayaangalii, lakini ndiyo yanayokipa chombo umbo na nguvu. Kiunzi cha JavaScript ni mataruma yaliyokwisha kuchongwa na mafundi wengine, ili anayejenga ashughulike na mbao zake.

Tuchukue mfano. Kijana ana kazi nne, na kila moja ataka ionekane pamoja na picha yake, jina lake, mwaka wake na maelezo mafupi. Bila ya kiunzi ataandika umbo lile lile mara nne, na siku akitaka kuongeza jambo moja, kama vile majina ya walioshirikiana naye, itambidi apite kote. Kwa kiunzi huandika umbo hilo mara moja tu, katika kipande kiitwacho kijenzi, halafu akakipa orodha ya kazi zake. Kijenzi hurudiwa kwa kila kazi iliyomo. Ikija kazi ya tano, huongezwa katika orodha, na ukurasa ukajipanga wenyewe.

Hata hivyo, hatuna budi kutoa nasaha tatu kwa vijana wetu.

Ya kwanza ni ya utaratibu wa kujifunza. Sote tuliopitia vyuo vya Kurani twajua kwamba mtoto hapewi msahafu siku ya kwanza. Huanza na alifu. Wako vijana wanaokimbilia kiunzi kabla ya kuijua lugha ya HTML inayopanga maneno ya ukurasa, ile ya CSS inayoupamba, na JavaScript yenyewe. Mtu wa namna hiyo hunakili mifano ya watu, na siku kitu kikiharibika hajui pa kushika. Kwa wiki chache aandike ukurasa mmoja kwa mkono, bila ya kiunzi chochote. Hapo ndipo atakapojua kiunzi kinampunguzia kazi gani, na huenda akagundua kwamba kwa kurasa tatu hakihitaji kabisa.

Ya pili ni uzito wa mzigo. Iko namna ya kujenga ambayo humpelekea msomaji ukurasa mtupu pamoja na fungu la msimbo, kisha simu ya msomaji ndiyo iliyotwikwa kazi ya kuukusanya ukurasa huo. Mtandao ukikatika katikati, msomaji hubaki akitazama kioo cheupe. React na mwenzake wa kuchorea kurasa huwa na zaidi ya kilobaiti 40 hata baada ya kubanwa, na msimbo huo ukishafika hauna budi kusomwa na kutekelezwa na simu kabla neno la kwanza halijaonekana. Katika ofisi yenye mtandao wa kasi jambo hili halihisiki. Kwa mwananchi wa Micheweni au Makunduchi mwenye simu kongwe na kifurushi kilichobakia kidogo, lahisika sana.

Dawa yake ipo. Tovuti ya kuonyeshea kazi haibadiliki kila saa, kwa hivyo kurasa zake zaweza kukusanywa mapema katika kompyuta ya fundi, zikapelekwa kwa msomaji zikiwa tayari. Astro, iliyotoka mwaka 2021, imejengwa kwa nia hiyo, na Next.js inayotumia React yaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini asiwepo anayekilaumu kiunzi peke yake. Picha moja iliyotoka moja kwa moja katika kamera ya simu huweza kuwa na megabaiti tatu au zaidi, uzito unaokipita kiunzi kizima mara nyingi. Kijana aipunguze picha kwanza. Kisha aifungue tovuti yake kwa simu ya jirani, shamba, jioni wakati watu wote wamo mtandaoni. Hapo atajua kama amejenga mlango au amejenga ukuta.

Ya tatu ni kujitegemea. Neno hili tumelisikia tangu utotoni, na katika uwanja huu lina maana yake. AngularJS ya kampuni ya Google ilitoka mwaka 2010, ikapendwa sana, na matengenezo yake yakakomeshwa mwishoni mwa mwaka 2021. Wengi waliokuwa wameitegemea walilazimika kuhama. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa katika ghala kuu la JavaScript kipande chake kidogo kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na kwa muda wa saa chache kazi za mafundi wengi duniani zikakwama, kwani walikuwa wakikitumia bila ya hata kujua. Hatusemi watu waache kutumia vya wenzao. Hakuna jahazi lililojengwa na mtu mmoja aliyefua hata misumari yake. Tunasema maandishi na picha za kazi zako uziweke katika majalada ya kawaida, nje ya kiunzi, na nakala yake uwe nayo nyumbani. Kiunzi kikifa, kazi zako zihamie kwingine zikiwa salama. Na ikiwezekana, uwe na jina lako mwenyewe la tovuti, kwa mfano lenye kuishia na herufi za nchi yetu, tz. Mwenye kutundika kazi zake zote katika ukurasa wa kampuni ya mitandao ya kijamii amepanga chumba, na mwenye nyumba aweza kubadilisha kufuli wakati wowote.

Sasa tuje kwenye yanayopaswa kuwekwa ndani. Kazi tatu zilizoelezwa vizuri zatosha kuliko ishirini zilizorundikwa. Kila moja ijibu maswali manne: palikuwa na shida gani, mwenye tovuti alifanya nini kwa mkono wake, wenzake walifanya nini, na matokeo yakawaje. Mchoraji wa ramani za nyumba, mpiga picha, mfasiri na fundi wa mitambo ya jua wote waweza kuyajibu. Maelezo yawe kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine pia ikiwa wateja wa nje wanatakiwa.

Twajua kwamba wapo wazee, na hata vijana wenye haya, watakaouliza: je, huku si kujisifu? Kwetu sisi mtu hufunzwa tangu mdogo aiogope riya, yaani kutenda jambo ili watu wakuone. Swali hili ni la haki na lastahili jawabu. Anayeandika kwamba yeye ni fundi bingwa asiye na mfano huyo amejisifu, tena amejivika mwenyewe kilemba cha ukoka. Anayeiweka kazi yake wazi, akaeleza iliposhinda na iliposhindwa, huyo ametoa ushahidi. Muuza nafaka mwema hamwagi maji chini ya gunia. Huipindua nafaka mbele ya mnunuzi, ya juu ikawa chini na ya chini ikawa juu. Tovuti ya kweli ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa sababu hiyo twakemea tabia ya kuchukua kiolezo cha mtu wa mbali, kubadilisha jina na picha, kisha kuyadai yote kuwa ni yako. Kutumia kiolezo si kosa. Kukificha ndiko kosa. Vile vile kazi iliyofanywa ofisini ni amana. Mtumishi aliyetengeneza mfumo wa idara yake asitundike hadharani majina ya wananchi wala siri za mfumo huo. Aombe idhini, na asipoipata, aeleze ujuzi wake kwa mfano mwingine alioujenga mwenyewe.

Tumewasema vijana, haki yadai tuwaseme na wakubwa. Mlango mzuri usiotazamwa na mtu haumpi fundi kazi. Ikiwa ofisi yatangaza nafasi ya mtaalamu wa kompyuta au mchora michoro, halafu yahesabu vyeti tu, basi yajinyima yenyewe. Tangazo la kazi za namna hiyo liwe na mstari mmoja unaomtaka mwombaji aandike anwani ya mahali zilipo kazi zake. Wale wanaosaili wazifungue kabla ya siku ya usaili, na katika usaili wamuulize mwombaji kwa nini alijenga vile na si vinginevyo. Aliyejenga mwenyewe atajibu, aliyejengewa ataguguma. Hatusemi vyeti vitupwe. Cheti chaonyesha kwamba mtu alifunzwa, na kazi yaonyesha kwamba alifunzika.

Aidha, si kila kijana ana kompyuta nyumbani. Ikiwa ipo skuli au chuo chenye chumba cha kompyuta kinachofungwa kufuli mara tu masomo yanapomalizika, wakuu wake wafikirie kukifungua jioni chini ya uangalizi wa mwalimu. Zana zenyewe za kuandikia hazina bei, na kuihifadhi tovuti ya aina hii kwaweza kupatikana bure, kama inavyofanya huduma ya GitHub Pages tangu mwaka 2008. Kinachohitajika ni kiti, umeme, mtandao na mtu wa kuuliza.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume na vyuo vyetu vinginevyo vyatoa vijana kila mwaka. Wengi wao wamekwisha kutengeneza vitu vizuri kwa ajili ya mitihani, na vitu hivyo hulala katika kompyuta za chuo mpaka vikafutwa. Ni rai yetu kwamba mwanafunzi asiagwe chuoni kabla hajaonyesha mahali alipoziweka kazi zake, kama vile aliyehitimu chuo cha Kurani alivyokuwa akisomeshwa mbele ya watu na kila mwenye sikio akasikia.

Yule kijana wa kwenye benchi bado yupo, na ametoka kwao alfajiri. Atakapoitwa ndani na kuiweka bahasha yake mezani, tunamwomba afisa aliyekaa upande wa pili aipokee kwa mikono miwili, kisha amuulize swali moja zaidi: "Ndugu, na kazi zako ziko wapi tuzione?" Na tunamwomba kijana, kuanzia leo, awe na la kujibu.