Tusiache Fanfari Yetu Ikufe

Mwenzetu wa kazi akikufa, tunajua namna ya kumusindikiza: kaske yake juu ya sanduku, na fanfari mbele. Njia yote mpaka ku malalo, ngoma kubwa inapiga polepole, trompeti zinaitika. Wenye kupita njia wanasimama na kuvua kofia. Batoto wanauliza: ni shefu gani amekufa? Tunawajibu: si shefu, ni mutumikaji.

Mambo haya hayakuanza jana. Kisha vita ya 1914-1918, ngoma ya mbeni ilitoka Mashariki ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu wa mbeni walijipanga kama askari: mavazi ya namna moja, vyeo, na mfalme wao. Lakini si kucheza tu. Walisaidiana wakati wa ugonjwa na wa kilio, zaidi mgeni asiye na ndugu karibu. Wakubwa wa ukoloni waliwachunga kwa wasiwasi. Sindika ya Waafrika iliruhusiwa mu 1946 tu. Mbele ya pale, mu ngoma ndimo tulijifunza kusimama pamoja.

Leo fanfari yetu iko, lakini angalieni hali yake. Tromboni moja imefungwa na mpira. Tuba ilitoboka, tukaichomelea ku ateliye. Wazee wetu wamebakia na pumzi kidogo, vumbi ya miaka mingi iko mu mapafu yao. Basi wanapokezana: mumoja anapiga mpaka ku kona, mwingine anachukua. Na vijana wenye kujifunza ni wachache.

Kule Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Grimethorpe walianzisha fanfari yao mu 1917. Mu Oktoba 1992, siku chache tu kisha kutangazwa kama mgodi wao utafungwa, walishinda mashindano ya taifa mu London. Mwaka uliofuata mgodi ulifungwa. Fanfari ingali hai. Kampuni ikienda inabeba mashini zake. Pumzi ya watu haiwezi kuibeba.

Wengine watatuuliza: mishahara inachelewa, na ninyi munatuletea mambo ya trompeti? Ni swali la haki. Mshahara kwanza, maski ya vumbi kwanza, hatutaacha kuvidai. Lakini mutumikaji si mikono tu, naye iko na heshima yake.

Kwa hiyo tunawaomba wadelege waweke matengenezo ya vyombo ku meza ya mazungumzo. Wazee wenye kujua, muite vijana kila Jumamosi, wasichana pamoja na wavulana. Wazazi, muwaache waende, hata kama kelele inasumbua nyumba.

Tusipofanya vile, siku moja sanduku la mumoja wetu litapita mu njia bila sauti. Hakuna atakayevua kofia, na batoto hawatauliza kitu.