Muziki wa pikapu kwa pesa kidogo: anza na waya, besi ingoje

Asubuhi mapema kule Baraka, pikapu zinapanga mstari zikingoja wasafiri. Kuna zenye zinapanda Fizi-centre, kuna zenye zinaendelea Lulimba na Misisi, na zingine zinashika barabara ya taifa nambari 5 kwenda Mboko na Uvira. Magunia ya unga wa muhogo chini, ndakala ya kukausha juu yake, watu juu ya vyote. Halafu shofere anafungua radio. Bafle moja imepasuka, inakwaruza kama bati. Ingine ilikufa kitambo. Na akitafuta habari, namba inafika 90 na kugota hapo.

Ndugu msikilizaji, shofere wengi wakifika kwa hali hiyo wanawaza dawa moja tu: bafle kubwa ya besi nyuma ya kiti. Lakini ukiwa na dola 100 hivi mfukoni, besi njo kitu cha mwisho cha kununua. Makala hii inaeleza nini kinatangulia na sababu yake, maana pesa ya muziki ikienda vibaya, inaweza kukulaza njiani ao kuchoma gari.

Ujue kwanza: 12 ao 24?

Kabla ya kununua hata skrubu moja, pima umeme wa gari. Pikapu nyingi ndogo kama Hilux zinatumia volti 12. Lakini kuna Land Cruiser na malori ya mazutu yenye kutumia volti 24. Usihesabu batri kwa macho: batri mbili zinaweza kufungwa pamoja zikabaki 12, ao zikafuatana zikawa 24. Fundi aweke kipimo, aangalie.

Radio ya 12 ukiifunga kwa 24, inakufa palepale. Kuna wenye wanakwepa hilo kwa kuchukua umeme kwenye batri moja tu kati ya zile mbili. Muziki utaimba, ni kweli, lakini batri moja itachoka na ingine itajaa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zitaharibika. Gari ya 24 inaomba kipunguza volti, chenye kushusha 24 kuwa 12. Hakuna njia ya mkato.

Kwa nini radio inaishia 90

Magari mingi ya mitumba yametoka Japani. Kule, FM ilipangwa kati ya megaherzi 76 na 90. Baada ya Wajapani kuzima televisheni ya zamani, waliongeza nafasi mpaka 95, na vituo vikaanza kuitumia kuanzia mwaka 2014. Huku kwetu FM inatembea kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo kituo chenye kupiga kwa 102, radio ya gari hiyo haiwezi kukipata hata ukisimama chini ya mnara wake. Si ubovu, njo namna ilivyotengenezwa.

Kuna dawa mbili. Ya bei ndogo ni kiboksi chenye kufungwa kati ya antena na radio, chenye kushusha namba. Kama kinashusha 14, kituo cha 102 utakisikia ukiweka 88. Kinasaidia, lakini hakishiki vituo vyote, na saa zingine kinaleta makelele. Dawa ya pili ni kutoa radio ile na kuweka ingine yenye kufika 108, yenye nafasi ya kuingiza ufunguo wa USB. Kwa shofere mwenye kuhitaji habari za barabara, hii ya pili ina faida zaidi. Mvua ikinyesha mlimani na mto kama Mutambala ukijaa, ni vizuri kujua kabla ya kufika kwenye maji.

Usisahau antena. Milima ya Mitumba inazuia FM, maana mawimbi yake yanapenda kwenda moja kwa moja. Antena ikivunjika, kipande cha waya chochote hakitoshi. Urefu wenye kufaa kwa FM ni karibu sentimita 75, isimame wima, na chini yake ishike chuma safi bila kutu wala rangi.

Usikate plagi ya kiwandani

Fundi mwenye haraka anakata plagi ya zamani na kuunga waya kwa mkono. Siku radio mpya ikikufa, hakuna mwenye kujua tena waya gani inakwenda wapi. Afazali kutafuta plagi ya kuunganisha, ao basi kuandika kila waya kabla ya kukata.

Kwa radio nyingi za kununua sokoni, waya ya manjano ni ya umeme wa siku zote, nyekundu ni ya ufunguo, nyeusi ni ya chuma cha gari. Ya manjano na nyekundu zikifungwa pamoja kwenye batri, radio itaendelea kula umeme hata gari imezimwa. Waya za bafle zinakuja mbili-mbili, na ile yenye mstari mweusi ni ya hasi. Hiyo hasi ya bafle usiifunge kwa chuma cha gari hata kidogo, utaunguza radio.

Bafle za mlango, na mlango wenyewe

Sauti ya mtu, ya mwenye kusoma habari ao mwenye kuimba, inatoka kwenye bafle za mbele. Kwa hiyo pesa ya bafle iende mbele kwanza. Pima tundu lililo mlangoni ao kwenye dashibodi kabla ya kwenda sokoni: kuna magari ya inchi 4, kuna ya inchi 6 na nusu. Pima pia kina, maana kioo kikishuka kinaweza kugonga sumaku ya bafle.

Angalia nyuma ya bafle pameandikwa omu ngapi. Radio ya gari inapenda omu 4. Bafle ya nyumbani ya omu 8 itaimba, lakini kwa nguvu ndogo. Na ukifunga bafle mbili za omu 4 pamoja kwa waya moja, zinakuwa omu 2, na radio inaanza kuwaka moto kama pasi.

Sasa mlango. Bafle inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikipita kwenye matundu ya mlango na kukutana na ya mbele, zinamalizana, na sauti nzito inapotea. Njo maana bafle nzuri kwenye mlango wenye matundu inaimba kama ya simu. Dawa yake ni rahisi: kata mpira wa ndani wa tairi ya zamani, gundisha juu ya matundu makubwa ya bati la ndani. Tengeneza pete ya mbao, ipake rangi ya mafuta ili isioze, ifunge bafle juu yake na skrubu za kukaza. Usitumie karatoni, mvua moja inaimaliza. Acha matundu ya chini kabisa wazi, hayo ni ya kutoa maji, na usizuie mashini ya kioo.

Jambo moja tena lisilo na gharama: upande wa waya. Bafle moja ikifungwa kinyume, moja inasukuma wakati ingine inavuta, na besi inakufa. Ili kujua, chukua pile ndogo ya volti 1.5, gusisha waya za bafle kidogo tu. Ngozi ya bafle ikitoka nje, ile waya yenye kugusa chanya ya pile njo chanya. Tia alama.

Watu wengi wakimaliza hatua hii wanashangaa: kumbe hawakuhitaji ampli.

Wati za kwenye boksi

Boksi la radio linaandika wati 50 mara nne. Hesabu yenyewe inakataa. Kwa umeme wa gari na bafle ya omu 4, radio peke yake inatoa wati 15 mpaka 20 hivi za kweli kwa kila bafle. Kwa kabini ya pikapu hizo zinatosha. Kwa hiyo usinunue namba kubwa ya kwenye karatasi, sikiliza kwanza.

Ukitaka ampli siku moja, hesabu umeme wake. Ampli ya wati 100 za kweli inaweza kuvuta karibu 200 kwenye batri, maana sehemu kubwa inageuka joto. Gawa 200 kwa 12, unapata karibu ampeya 17. Waya nyembamba ya taa ya nyumba haibebi hiyo. Tafuta waya ya shaba ya milimita mraba 6, na fyuzi ya ampeya 20, ile mafundi wetu wanaita fizible.

Fyuzi: hapa moto unatoka

Fyuzi inakaa karibu na batri, si zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye chanya. Wengi wanaiweka nyuma karibu na ampli, wakiwaza inalinda ampli. Hapana, inalinda waya. Barabara zetu zinatikisa gari siku nzima, waya inasuguana na bati mpaka ngozi yake inatoboka. Ikigusa chuma na hakuna fyuzi karibu na batri, umeme wote wa batri unapita hapo, waya inawaka nyekundu, na juu ya gari kuna watu, magunia, na pengine bidoni ya mafuta.

Fyuzi ikikatika, usiifunge na karatasi ya sigara wala msumari. Imekatika kwa sababu. Tafuta sababu. Na kila pahali waya inapopita kwenye tundu la bati, vika kipande cha mpira.

Batri ikilala

Batri ya ampeya-saa 70, ikichakaa, inaweza kubaki na nusu, yaani 35. Ukipiga muziki gari ikiwa imezimwa, na ukavuta ampeya 5 kwa saa 4, umekula 20. Motere ya mazutu inaomba nguvu nyingi kuwaka asubuhi. Na tunajua sote: pikapu ileile yenye kupiga muziki jioni, njo watu wanakuja kuiomba usiku wakiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ukipima batri na gari imepumzika, 12.6 inamaanisha imejaa, 12.2 ni nusu. Ikifika hapo, zima muziki.

Kugawa dola 100

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo haya ni mafungu, si bei ya soko. Weka dola 35 kwa radio yenye kufika 108. Weka 30 kwa bafle mbili za mbele. Weka 15 kwa waya nzuri na fyuzi. Weka 10 kwa mbao, mpira, gundi na skrubu. Na 10 ya fundi. Kama una 40 tu, acha radio, tengeneza bafle na mlango kwanza.

Mkono juu ya kabini

Kuna sauti moja yenye haitoki kwenye radio: mkono wa konvoyere ao wa msafiri akigonga juu ya kabini. Anagonga kwa sababu mama amefika kwake, ao gunia limeanguka, ao mtoto anateleza. Muziki ukifunika mkono huo, gari yako haina masikio.

Kwa hiyo, siku fundi anamaliza kazi, fanyeni jaribio hili kabla ya kumlipa. Washa motere, funga vioo, weka muziki. Konvoyere apande nyuma na kugonga kama kawaida. Ongeza sauti polepole mpaka usimsikie tena, kisha rudisha nyuma mpaka umsikie vizuri. Angalia namba ya sauti iliyo kwenye radio, iandike na rangi kwenye dashibodi. Barabarani, usipite hapo.

Safari njema.