Ushuru sifuri pekee hauuzi mananasi

Wasindikaji wadogo wa Tanzania wanaokausha mananasi wana nafuu Ulaya. Tangu 2001, Umoja wa Ulaya huruhusu bidhaa zote za nchi maskini zaidi, isipokuwa silaha, kuingia bila ushuru wala ukomo wa kiasi.

Nafuu hiyo ina masharti. Shehena isiyozidi thamani ya euro 6,000 huhitaji tamko la asili la muuzaji mwenyewe. Ikizidi hapo, ni lazima awe amesajiliwa. Masalia ya dawa za shambani yakipita kiwango, mzigo hukataliwa hata kama ushuru ni sifuri.

Kenya, isiyo katika kundi hilo, ililipa ushuru kwa baadhi ya bidhaa mwishoni mwa 2014. Mkataba wake ulianza Julai 2024.

Mwekezaji makini hukagua kwanza kumbukumbu za dawa shambani, kisha mashine.